Saini ni Posa, Kuridhia Ndiyo Ndoa

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kusikia redioni, au kusoma gazetini, kwamba wakuu wa mataifa wamekutana katika mji wa mbali, wakajadiliana kwa siku nyingi, na hatimaye wakatia saini mkataba wa kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Picha huonyesha kalamu, bendera na nyuso zenye furaha. Kisha msimu wa kilimo unafika, mvua za vuli zinachelewa, au zinakuja zote kwa mkupuo na kuzoa madaraja, mahindi yanapanda bei sokoni, na mama mwenye nyumba anajiuliza kwa haki kabisa: ule mkataba uliopigiwa makofi umefikia wapi?

Swali hilo halihitaji bingwa wa sheria ili lijibiwe. Linahitaji kujua tofauti iliyopo kati ya maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa: kutia saini na kuridhia. Asiyeijua tofauti hiyo hushangilia mapema, na hukata tamaa mapema vilevile. Madhumuni ya makala haya ni kuieleza tofauti hiyo, na kuonyesha kwa mifano jinsi ilivyoigharimu dunia miaka mingi ambayo hakuna awezaye kuirudisha.

Njia ya mkataba

Kila familia yetu inazijua hatua za ndoa. Mshenga hutumwa, barua ya posa hupelekwa, na majibu yakiwa mema uchumba hutangazwa. Hata hivyo, hakuna mzee mwenye busara atakayemhesabu mchumba kuwa ni mke. Ndoa ni siku ile ambapo pande mbili zinakubali mbele ya mashahidi na cheti kikaandikwa. Na cheti kikiisha kuandikwa, ndipo kazi yenyewe inapoanza: nani ataleta unga, nani atalipa ada ya shule, nani atamuuguza mgonjwa.

Mikataba ya mataifa hufuata njia inayofanana na hiyo. Kwanza wajumbe hukubaliana juu ya maneno, na mkataba husemwa kuwa umepitishwa. Pili, serikali huutia saini. Hapo nchi inatangaza nia yake njema, na kwa mujibu wa sheria ya mataifa haipaswi kutenda jambo la kuliharibu lengo la mkataba huo, lakini bado haijafungwa na masharti yake. Tatu, mkataba hurudishwa nyumbani, ukajadiliwa na chombo kilichopewa madaraka hayo na katiba ya nchi, mara nyingi Bunge. Chombo hicho kikikubali, serikali hupeleka hati kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Huko ndiko kuridhia. Nne, mkataba hungoja mpaka idadi iliyowekwa ya nchi itimie, ndipo uanze kutumika. Na tano, kila nchi hutunga sheria, hutenga fedha na kuweka watumishi wa kuutekeleza.

Katika hatua hizo, ni ya pili tu ndiyo inayopigwa picha. Mambo makubwa huamuliwa katika hatua ya tatu, na hapo ndipo mikataba mingi ilipokwama.

Kutoka Rio hadi Kyoto

Mkataba wa kwanza wa dunia kuhusu jambo hili ulipitishwa mjini New York mwezi Mei 1992, ukafunguliwa kwa saini mwezi uliofuata katika mkutano mkubwa wa mazingira uliofanyika Rio de Janeiro, Brazil. Ulihitaji nchi 50 ziuridhie, na ukaanza kutumika tarehe 21 Machi 1994. Tanzania iliuridhia Aprili 1996. Kenya ilikuwa imetangulia, Agosti 1994. Hata Seneti ya Marekani iliukubali bila mivutano, katika mwaka ule ule wa 1992.

Sababu ya wepesi huo haifichiki. Mkataba wa Rio uliweka lengo na misingi, lakini haukumtajia mtu kiasi cha hewa chafu anachotakiwa kupunguza. Ni rahisi kwa ndugu kukubaliana kwamba nyumba ya marehemu baba yao yafaa ikarabatiwe. Mzozo huanza inapoulizwa nani atoe shilingi ngapi.

Swali la shilingi ngapi liliulizwa mjini Kyoto, Japani. Tarehe 11 Desemba 1997 ilipitishwa Itifaki ya Kyoto, iliyoyataka mataifa yenye viwanda yapunguze gesijoto zao, kwa wastani wa asilimia 5 chini ya kiwango cha mwaka 1990, katika kipindi cha 2008 hadi 2012. Nchi zinazoendelea hazikuwekewa kiwango, kwa hoja iliyokubaliwa tangu Rio: kwamba wote wana wajibu, lakini aliyeanza kuchafua zamani na mwenye uwezo zaidi ndiye atangulie.

Waandishi wa Itifaki hiyo waliweka masharti mawili kabla haijaanza kutumika. La kwanza, nchi zisizopungua 55 ziiridhie. La pili, miongoni mwao yawemo mataifa yenye viwanda ambayo kwa pamoja yalitoa angalau asilimia 55 ya hewa ukaa iliyotolewa na mataifa ya aina hiyo mwaka 1990. Nia ilikuwa njema: wachafuzi wakubwa wasikae pembeni huku wadogo wakijifunga peke yao. Lakini sharti hilo la pili liliwapa wachache ufunguo wa mlango.

Marekani peke yake ilikuwa na asilimia 36.1 ya hewa hiyo, na Urusi asilimia 17.4. Chukua karatasi na penseli, ndugu msomaji, ufanye hesabu. Ukiziondoa nchi hizo mbili, zote zilizosalia zinabaki na asilimia 46.5. Maana yake ni kwamba hata kama dunia nzima ingeridhia, Marekani na Urusi zikikataa pamoja, Itifaki ingebaki karatasi tu.

Seneti yasema mapema

Katiba ya Marekani inataka theluthi mbili ya Seneti zikubali kabla Rais hajaridhia mkataba wa aina hii. Tarehe 25 Julai 1997, miezi zaidi ya minne kabla ya mkutano wa Kyoto, Seneti hiyo ilipiga kura juu ya azimio lililosema kwamba Marekani isitie saini makubaliano yatakayozibana nchi zenye viwanda bila kuzibana pia nchi zinazoendelea katika kipindi kile kile, wala makubaliano yatakayoudhuru sana uchumi wake. Kura zilikuwa 95 kwa sifuri.

Pamoja na onyo hilo, wajumbe wa Marekani walikwenda Kyoto wakajadiliana, na mwezi Novemba 1998 serikali ya Rais Bill Clinton ikatia saini. Lakini mkataba huo haukupelekwa Seneti hata mara moja, kwa kuwa jibu lilijulikana. Mwezi Machi 2001 Rais mpya, George W. Bush, alitangaza kwamba nchi yake haitaiunga mkono Itifaki. Hapo ndipo watu wengi walipofahamu kwamba sahihi ya serikali, hata iwe ya taifa kubwa namna gani, haina nguvu kushinda Bunge lisilotaka.

Tangu hapo macho yote yaligeukia Moscow. Sharti la nchi 55 lilitimia Mei 2002, pale Iceland ilipoleta hati yake. Sharti la asilimia 55 lilikuwa mikononi mwa Urusi peke yake.

Urusi haikuwa na sababu ya kuuogopa mzigo huo. Baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovyeti mwaka 1991, viwanda vyake vingi vilifungwa, na hewa chafu yake ikashuka mno chini ya kiwango cha 1990 ambacho Itifaki ilimtaka asikizidi. Hata hivyo alisita kwa miaka kadhaa, huku akijua kwamba kila siku inayopita hati yake inazidi kuwa na thamani. Mwezi Mei 2004 Urusi na Umoja wa Ulaya zilikubaliana juu ya masharti ya Urusi kuingia katika Shirika la Biashara Duniani, na wakati uo huo Rais Vladimir Putin akasema kwamba nchi yake itaharakisha kuiridhia Itifaki. Bunge la Urusi lilipiga kura ya kukubali tarehe 22 Oktoba 2004, hati ikakabidhiwa mwezi uliofuata, na tarehe 16 Februari 2005 Itifaki ya Kyoto ikaanza kutumika.

Hesabu tena. Kutoka Desemba 1997 hadi Februari 2005 ni miaka 7 na zaidi. Mtoto aliyezaliwa siku Itifaki ilipopitishwa alikuwa amekwisha kuanza shule ya msingi siku ilipoanza kutumika. Na muda wote huo, moshi wa viwanda na magari haukungoja kikao.

Mkataba ulioishi siku moja

Kama kisa cha Kyoto kinasikitisha, kinachofuata kinashangaza. Kipindi cha kwanza cha Itifaki kilipokaribia kwisha, mataifa yalikutana Doha, Qatar, na tarehe 8 Desemba 2012 yakapitisha marekebisho ya kuweka kipindi cha pili, cha kuanzia 2013 hadi 2020. Marekebisho hayo yalihitaji kukubaliwa na nchi 144.

Mwaka 2013 ukapita, 2014 ukapita, na hati zikawa zinaingia moja moja kama matone ya bomba bovu. Idadi ya 144 ilitimia mwezi Oktoba 2020. Kwa kuwa kanuni ilitaka siku 90 zipite baada ya hapo, marekebisho ya Doha yalianza kutumika tarehe 31 Desemba 2020, yaani siku ya mwisho kabisa ya kipindi kilichokusudiwa. Ni sawa na bwana harusi aliyefika na cheti mkononi wakati wageni wanakunja mikeka.

Haki ni kusema kwamba zipo serikali, hasa za Ulaya, ambazo hazikukaa kungoja. Zilitekeleza ahadi zao kwa sheria za nyumbani kana kwamba marekebisho hayo yalikuwa yameanza. Lakini zipo pia zilizojitoa. Canada, iliyokuwa imeiridhia Itifaki mwaka 2002, ilitangaza Desemba 2011 kwamba inatoka, na mwaka mmoja baadaye ikawa nje. Australia, kwa upande mwingine, ilikuwa imekaa nje kwa miaka 10, mpaka wananchi walipobadili serikali katika uchaguzi wa Novemba 2007. Waziri Mkuu mpya, Kevin Rudd, aliitia sahihi hati ya kuridhia siku ile ile alipoapishwa, tarehe 3 Desemba.

Mifano hiyo miwili yafaa ikumbukwe pamoja. Kuridhia ni kazi ya serikali, na serikali huwekwa na watu. Karatasi ya kura ya mwananchi wa Sydney iliweza kufanya kile ambacho mikutano ya miaka 10 ilishindwa kukifanya.

Paris: waliotangulia walikuwa wadogo

Baada ya masaibu hayo, Mkataba wa Paris uliandikwa kwa namna nyingine. Kila nchi, tajiri na maskini, ilitakiwa ijipangie yenyewe mchango wake na kuuwasilisha, kisha kuupitia upya kila baada ya miaka 5 kwa nia ya kuuongeza. Lengo la pamoja ni joto la dunia lisipande kufikia nyuzi 2 juu ya lile la kabla ya enzi za viwanda, na jitihada zifanywe lisipite nyuzi 1.5.

Siku ya mwisho ya mkutano huo, tarehe 12 Desemba 2015, neno moja nusura livuruge kazi yote. Rasimu ya mwisho ilisema kwamba nchi zilizoendelea ni lazima ziweke viwango vya kupunguza gesijoto. Wajumbe wa Marekani walishtuka. Ikiwa ni lazima, basi mkataba ungepaswa kupelekwa Seneti, na historia ya kura 95 kwa sifuri haikuwa imesahauliwa. Baada ya mashauriano ya haraka, neno hilo lilisahihishwa kama kosa la uchapaji, na sentensi ikasomeka kwamba inafaa nchi hizo zifanye hivyo. Kati ya lazima na inafaa, ndugu msomaji, ndipo mkataba mzima ulipopenya.

Mkataba ulifunguliwa kwa saini tarehe 22 Aprili 2016 mjini New York, na nchi 174 pamoja na Umoja wa Ulaya zikatia saini siku hiyo hiyo. Lakini waliokuja na hati ya kuridhia mkononi walikuwa 15 tu. Na ni akina nani hao? Ni Fiji, Tuvalu, Maldivi, Visiwa vya Marshall, Samoa, Mauritius, na wengine wa jinsi hiyo. Karibu wote ni visiwa vidogo ambavyo bahari ikipanda kidogo tu vinapoteza visima vya maji, mashamba na makaburi ya wazee. Miongoni mwao alikuwemo pia jirani yetu Somalia, nchi ambayo ukame umekuwa ukiwafilisi wafugaji wake mwaka baada ya mwaka. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walioridhia kwanza walikuwa wanakilalia.

Tarehe 3 Septemba 2016 China na Marekani, wachafuzi wawili wakubwa kuliko wote, zilikabidhi hati zao siku moja. India ilifuata tarehe 2 Oktoba, na Umoja wa Ulaya siku tatu baadaye. Masharti yaliyofanana na yale ya Kyoto, nchi 55 na asilimia 55 ya gesijoto za dunia, yakawa yametimia, na Mkataba wa Paris ukaanza kutumika tarehe 4 Novemba 2016. Kyoto ilichukua miaka zaidi ya 7. Paris haikufikisha hata miezi 11.

Ndoa ya mkataba wa mkeka

Hata hivyo, wepesi huo ulikuwa na gharama yake. Rais Barack Obama aliukubali Mkataba wa Paris kwa madaraka yake mwenyewe, bila kuupeleka Seneti. Na kilichofungwa na mkono wa mtu mmoja hufunguliwa na mkono wa mtu mmoja. Mwezi Juni 2017 Rais Donald Trump alitangaza kwamba nchi yake itajitoa. Kwa kuwa mkataba hauruhusu nchi kutoa taarifa ya kujitoa kabla ya miaka 3 tangu uanze kutumika, na taarifa yenyewe hungoja mwaka mmoja, Marekani ilitoka tarehe 4 Novemba 2020. Rais Joe Biden alipoapishwa aliurejesha siku ile ile ya kwanza, na tarehe 19 Februari 2021 Marekani ikawa ndani tena. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump, aliyerejea madarakani, aliamuru kwa mara ya pili kwamba nchi itoke, na taarifa ikapelekwa Umoja wa Mataifa siku chache baadaye.

Ukiyatazama mambo hayo utaona kwamba kuridhia kuna uzito wa aina mbili. Upo uzito wa hati, ambao unamfunga aliyepo madarakani. Na upo uzito wa taifa, unaopatikana pale ambapo wawakilishi wa watu wamejadili, wamepinga, wamerekebisha, na mwishowe wamekubali kwa sauti zao. Uzito wa kwanza unaweza kupatikana kwa kalamu moja. Wa pili unataka subira, lakini ndio unaodumu.

Ule ulioridhiwa na wote

Msomaji asije akadhani kwamba mataifa hayawezi kabisa kufunga jambo na kulishika. Tarehe 16 Septemba 1987 ilipitishwa mjini Montreal, Canada, Itifaki ya kuzuia kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni, lile linaloikinga dunia na mionzi mikali ya jua. Kemikali hizo zilikuwa ndani ya friji na majokofu, ndani ya makopo ya dawa za kupuliza, na katika mitambo ya kupoza hewa. Seneti ya Marekani iliikubali Machi 1988 kwa kura 83 kwa sifuri, Itifaki ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1989, na kufikia Septemba 2009 kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa ilikuwa imeiridhia.

Kwa nini hili liliwezekana na lile likashindikana? Kemikali za friji zilitengenezwa na makampuni machache, nayo yaliweza kutengeneza nyingine badala yake. Bei ya kubadili haikuwa kubwa, na ulianzishwa mfuko wa kuzisaidia nchi maskini kubadili mitambo yao. Makaa ya mawe, mafuta na gesi ni jambo jingine: hayo yamo katika kila kiwanda, kila gari, kila mfuko wa saruji na kila noti ya mshahara. Kwa hiyo ugumu wa kuridhia hautokani na ubaya wa wabunge peke yao. Unatokana na ukweli kwamba kila hati ya aina hiyo inagusa riziki ya mtu fulani, na mtu huyo ana mbunge wake.

Wananchi wa Uswisi wameuonyesha ugumu huo waziwazi. Serikali yao iliuridhia Mkataba wa Paris Oktoba 2017. Lakini sheria ya kuutekeleza ilipopelekwa kwenye kura ya maoni Juni 2021, wananchi waliikataa kwa asilimia 51.6, wengi wakihofia bei ya petroli na mafuta ya kupashia nyumba joto. Miaka miwili baadaye, Juni 2023, sheria nyingine iliyoandikwa kwa namna ya kuwasaidia watu badala ya kuwatoza ililetwa, nayo ikakubaliwa kwa asilimia 59.1.

Bibi waliokwenda mahakamani

Huenda ukauliza: ikiwa hakuna askari wa dunia wa kumkamata asiyetekeleza, hati iliyoridhiwa inafaa nini? Jibu moja lilitolewa na akina bibi wa nchi hiyo hiyo ya Uswisi. Chama cha wanawake wazee zaidi ya 2,000, ambao wastani wa umri wao ni zaidi ya miaka 70, kiliishtaki serikali yao kwamba uzembe wake katika jambo la tabianchi unawahatarishia maisha, kwa kuwa wazee ndio wanaoathirika zaidi na vipindi vya joto kali. Walishindwa katika mahakama za nyumbani. Hawakunyamaza. Walikwenda katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mjini Strasbourg, na tarehe 9 Aprili 2024 mahakama hiyo ikatamka kwamba Uswisi imevunja haki zao.

Kabla yao, tarehe 20 Desemba 2019, Mahakama Kuu kuliko zote ya Uholanzi iliiamuru serikali yake ipunguze gesijoto kwa angalau asilimia 25 chini ya kiwango cha 1990, kufikia mwisho wa mwaka 2020. Na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyopo The Hague, kwa ombi lililoanzishwa na taifa dogo la visiwa la Vanuatu, ilitoa maoni kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria katika jambo hili, ikiwemo mikataba waliyoiridhia.

Angalia, ndugu msomaji: bibi wale wa Uswisi walisimama juu ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, ambao nchi yao iliuridhia zamani, mwaka 1974, kabla watu wengi hawajasikia habari za tabianchi. Hati iliyoridhiwa ni kama jembe lililotundikwa ukutani. Linaweza kukaa miaka mingi bila kazi, lakini siku mvua ikinyesha, mwenye nalo ana la kulimia.

Na nyumbani kwetu?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 63(3)(e), inalipa Bunge madaraka ya kujadili na kuridhia mikataba yote inayohusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Itifaki ya Kyoto tulijiunga nayo Agosti 2002. Mkataba wa Paris tuliutia saini siku ile ya kwanza, 22 Aprili 2016, na hati ya kuridhia ikakabidhiwa tarehe 18 Mei 2018. Uganda ilikabidhi yake Septemba 2016, na Kenya Desemba mwaka huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba mkataba ulioridhiwa na nchi hiyo huwa sehemu ya sheria zake. Kwetu, mkataba hungoja sheria ya nchi iupe nguvu ndani ya mahakama.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliwazii. Mambo ya nje ni ya Muungano, kwa hiyo hati ya kuridhia ni moja. Lakini mazingira si jambo la Muungano. Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2015. Ahadi moja iliyotolewa New York hutekelezwa kwa mikono miwili, na mikono hiyo sharti ioshane.

Katika mchango wake uliowasilishwa mwaka 2021, Tanzania iliahidi kupunguza gesijoto kwa kati ya asilimia 30 na 35 kufikia mwaka 2030, ikilinganishwa na kiasi ambacho kingetolewa endapo hatua zisingechukuliwa. Wengine huuliza kwa nini nchi isiyo na viwanda vingi ijifunge hivyo, wakati wachafuzi wakubwa wanaingia na kutoka wapendavyo. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini asiyeridhia hana kiti mezani pale ambapo fedha za kuhimili ukame na mafuriko zinagawanywa, wala hana mdomo wa kumdai mwenzake. Tena sehemu ya ahadi yetu ina manufaa yake yenyewe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unakusudia kwamba kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mama atakayeachana na moshi wa kuni atapona macho na kifua chake, hata kama hakuna taifa jingine litakalotimiza ahadi yake.

Kwa hiyo, utakaposikia tena kwamba mkataba umetiwa saini, furahi kwa kiasi, kisha uliza maswali manne. Je, umepelekwa Bungeni, na lini? Je, hati imekabidhiwa? Je, ni sheria ipi ya nchi inayoutekeleza? Je, katika bajeti ya mwaka huu umetengewa fungu gani? Hayo ni maswali ambayo mwananchi yeyote anaweza kumuuliza mbunge wake anapokuja jimboni, tena mbele ya watu, bila kuomba radhi. Ahadi ni deni, na deni lisilodaiwa husahauliwa na aliyekopa kabla ya aliyekopesha.